Maji yaliyo chini ya shamba lako ni ya nani?

Siku hizi si ajabu kumuona mtu wa mjini akinunua ekari kumi au ishirini nje ya Dodoma, akachimbisha kisima kirefu, akafunga pampu na kuanza kulima zabibu au vitunguu. Ni jambo la kheri. Ardhi ile ni kame, na mwenye kutegemea mvua pekee, mwaka mbaya havuni kitu. Lakini liko swali ambalo hatuulizani kwa uzito unaostahiki: kisima cha jirani kikikauka kwa sababu ya pampu yangu, je, nimemdhulumu au nimetumia haki yangu?

Wengi watajibu haraka kwamba kila mtu amechimba kwake, kwa pesa yake. Jibu hilo lingetosha kama maji ya ardhini yangekaa kama maji ya tangi, kila mtu na la kwake. Hayako hivyo. Yamo kwenye mchanga na nyufa za miamba, nayo hupita chini kwa chini bila kujua mpaka wa shamba. Pampu ikivuta kwa nguvu, usawa wa maji hushuka kukizunguka kisima, na mwenye kisima kifupi ndiye wa kwanza kubaki na ndoo tupu. Mara nyingi huyo ndiye maskini.

Wanazuoni wa fiqhi waliliona hili karne nyingi kabla ya pampu. Walizungumzia harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambamo mwingine hana ruhusa ya kuchimba akakidhuru. Walitofautiana katika vipimo, lakini msingi ni mmoja: haki yangu inakoma pale inapoanza kumdhuru mwenzangu. Kweli, maji niliyokwisha kuyateka na kuyatia chomboni ni mali yangu. Yaliyo bado ardhini ni jambo jingine, na ndiyo maana Mtume (s.a.w.) alituhesabu kuwa washirika katika maji.

Hebu tutazame Oman, ambako wengi wetu tuna ndugu. Huko mifereji ya aflaj imemwagilia mitende kwa karne nyingi, na mwaka 2006 mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Falaj huleta maji kwa mteremko tu. Chemchemi ikipungua, mfereji nao hupungua, na kila mwenye zamu hupunguziwa. Haiwezekani kuchota kuliko mlima unavyotoa. Katika pwani ya Batinah zilipokuja pampu, kila shamba lilivuta lilivyotaka. Maji matamu yakashuka, maji ya bahari yakaingia chini ya mashamba, na mengi yakaharibika kwa chumvi.

Saudi Arabia nayo ilimwagilia ngano jangwani kwa maji yaliyojikusanya ardhini tangu maelfu ya miaka, hata ikawa inauza ngano nje. Mwaka 2008 serikali iliamua kupunguza hatua kwa hatua ununuzi wa ngano ya ndani, na mwaka 2016 ukasimamishwa ili kuokoa maji. Baadaye kilimo hicho kiliruhusiwa tena kwa mipaka. Fedha zilikuwepo na wataalamu walikuwepo, lakini maji yaliyokwisha kutumika hayakurudi.

Turudi Dodoma. Bonde la Makutupora limeupa mji ule maji tangu miaka ya 1950, na vipimo vya miaka mingi vinaonesha kwamba hifadhi yake haijazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Maana yake, mwenye kupanga kwa kuangalia mwaka mmoja anajidanganya. Maji ya msimu mmoja mwema huenda ndiyo akiba ya miaka mingi.

Atasema mtu: watu wana njaa, nawe unataka wasimwagilie? La hasha. Ninachosema ni kwamba kupima kutangulie kuvuta. Sheria ya mwaka 2009 inayasimamia maji haya kama mali ya umma na kumtaka mchimbaji awe na kibali. Tukitafute kibali hicho, tufunge mita, tupime usawa wa kisima kila msimu, tuchague mazao na njia za matone zisizopoteza maji, na majirani wakae pamoja kukubaliana kiwango. Hasa sasa ambapo pampu ya jua haina gharama ya dizeli ya kumzuia mtu.

Tunachanga kila mwaka kuchimba visima vya sadaka vijijini, tukitaraji thawabu isiyokatika. Itakuwa na maana gani, ikiwa kisima alichochangia Muislamu mmoja kitakaushwa na shamba la Muislamu mwingine?

Aya ya mwisho ya Suratul Mulk inatuuliza ni nani atakayetuletea maji yetu yakididimia ardhini. Jibu twalijua. Basi tusiwe sisi ndio wa kuyadidimiza. Wallahu a'lam.