Ufa Huja Wakati wa Kupoa

Watu wawili wanaotaka kuishi pamoja, ni lazima mmoja wao ageuke awe kama mwenziwe? Swali hili wazee huwa wameshalijibu kabla hujaliuliza. Mimi jibu nimelitafuta mahali pa ajabu kidogo: kwenye vioo vya rangi, vile vya madirisha ya kanisa.

Mafundi wana njia mbili za kuunga vioo hivyo. Ya kwanza ni ya kale, ndiyo iliyotumika katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa, karne ya 12 na ya 13. Kila kipande hukatwa, kikazungushiwa ukanda wa risasi, kisha kanda hizo hulehemiwa pale zinapokutana. Chekundu kinabaki chekundu, cha buluu kinabaki cha buluu. Jua likiwaka kila kimoja kinatanuka kivyake, kwani risasi ni laini, inakubali kusukumwa.

Njia ya pili ni tanuri. Vipande vinapangwa, moto unapandishwa hadi kama nyuzijoto 800, vinalainika na kuwa kitu kimoja. Ukitazama pale motoni, jamani, utaapa kwamba hakuna ndoa bora kuliko ile. Tatizo huja baadaye. Vioo vya kawaida vya madirisha havikutengenezwa ili viyeyushwe pamoja. Kila kimoja kina kadiri yake ya kutanuka na kusinyaa. Tofauti huwa ndogo mno: katika sahani ya sentimita 30, vioo viwili vinaweza kupishana kwa unene wa unywele tu. Lakini kioo kikishakuwa kigumu hakijui kunyumbuka. Kimoja kinavuta, kingine kinakataa, na ufa unatokea, pengine siku ileile, pengine baada ya miezi, sahani ikiwa imetulia kabatini bila kuguswa na mtu.

Sasa nieleze kwa nini haya yananihusu. Mimi na mchumba wangu tumelelewa katika dini mbili. Kwao wanasema nigeuke; kwetu wanasema ageuke yeye. Hoja ya pande zote ni moja: nyumba moja, dini moja. Nawaheshimu, kwa sababu wameona nyumba nyingi zikivunjika. Lakini nauliza: wanaposema tuwe kitu kimoja, wanataka tuungane au wanataka tuyeyuke? Penzi jipya ni moto. Katika moto ule naweza kuahidi lolote, hata kuacha sala alizonifundisha mama yangu. Ahadi hiyo haipimwi siku ya harusi. Inapimwa tutakapopoa: siku ya msiba, siku ya kumpa mtoto jina.

Mtu atasema: basi oa wa dini yako, kwisha maneno. Hapo nako mafundi wana neno. Kiwanda cha Bullseye, kilichoanzishwa Portland, Marekani, mwaka 1974, hutengeneza vioo vilivyopimwa ili viyeyushwe pamoja. Vioo vya aina hiyo hupewa namba ya kutanuka, kama 90 au 96. Lakini wenye kazi yao wanaonya kwamba namba kulingana haitoshi, maana vioo hupishana pia katika namna ya kulainika na kukaza. Wangapi tunawajua, dini moja, kabila moja, mtaa mmoja, na bado wamepasuka?

Kwa hiyo fundi makini haamini namba tu. Huyeyushia vipande vidogo juu ya ukanda wa kioo, akaupoza polepole, kisha akautazama katikati ya vichujio viwili vya mwanga. Penye mvutano panang'aa, ijapokuwa ufa haujaonekana. Kupima namna hii si kutoaminiana. Kuulizana mapema tutazikwa wapi na watoto watasali wapi, ndicho kichujio chetu.

Mimi nimechagua risasi. Najua ina gharama: baada ya miaka mingi huchoka, dirisha likalegea, na mafundi wakalazimika kulifungua na kulifunga upya. Nyumba ya namna hiyo haimaliziki kujengwa. Kila ugomvi utadai lehemu mpya. Lakini bora kazi hiyo, ndugu msomaji, kuliko umoja ambao ndani yake mmoja wetu amenyamaza tu, anangoja siku ya kupasuka.