Wembe Imara, Mkono Mwepesi

Wahenga walisema: mtoto akililia wembe, mpe. Kwa miaka mingi niliutumia usemi huu mbele ya wanachuo wangu, nikiwa na maana kwamba maumivu ndiyo mwalimu bora. Sasa nimestaafu, umri umepita sabini, na mjukuu wangu amekuja kuulilia wembe kwelikweli. Hapo ndipo nilipotambua kwamba usemi ule haukusema lolote juu ya namna ya kuushika.

Kijana ana miaka 17. Alichukua mashine yangu ya kunyolea, ile ya chuma ya kutia wembe, akajifungia bafuni. Alipotoka, kidevu kilikuwa kikivuja damu sehemu tatu.

"Babu, wembe wako mkali mno," akaniambia.

Nikaichukua ile mashine, nikaitikisa karibu na sikio. Wembe ulikuwa ukicheza. Hakuukaza mpini mpaka mwisho.

"Si mkali, mjukuu wangu," nikamjibu. "Umelegea."

Jambo hilo lilimshangaza, na huenda likamshangaza msomaji pia, kwani tumezoea kuamini kwamba kinachoijeruhi ngozi ni ukali. Lakini na tuutazame wembe wenyewe. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiushika mtupu kwa vidole, unapinda. Mmarekani King Camp Gillette alitaka wembe mwembamba, wa bei rahisi, usiohitaji kunolewa, na fundi William Nickerson ndiye aliyemsaidia kupata njia ya kuutengeneza. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, ziliuzwa mashine 51 tu na nyembe 168. Uimara wa wembe ule hautokani na unene, bali na namna unavyoshikwa. Kifuniko huubana juu ya kitako chenye mgongo, nao ukapinda kidogo, na kule kupinda ndiko kunakoufanya usimame imara. Darasani nilikuwa nikilionyesha jambo hili kwa karatasi: ishike upande mmoja ikiwa bapa, itainama, ipinde kidogo kama mfereji wa bati, itasimama.

Wembe uliolegea hukutana na unywele, ukarudi nyuma, kisha ukaruka mbele. Ndevu hazikatiki sawasawa. Mnyoaji akipapasa na kuona bado panakwaruza, hufanya nini? Hukandamiza. Na ngozi iliyokandamizwa hutuna mbele ya makali, na damu haiko mbali.

Wembe ukishakazwa, mkono hauna kazi ya nguvu tena. Lainisha ndevu kwa maji ya moto na povu kwa dakika mbili tatu. Shika mpini kwa vidole, wembe uilalie ngozi kwa pembe ya kama nyuzi 30, uache uzito wa mashine ufanye kazi, na ufuate kwanza upande zinakoelekea ndevu. Sisi wenye nywele za kipilipili tuna sababu zaidi ya kutokandamiza, maana unywele uliokatwa chini mno hujikunja na kuichoma ngozi upya, na ndiyo asili ya vipele vya kidevuni. Wala si ngozi peke yake inayoumia. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts walionyesha kwamba unywele, ambao ni laini mara 50 hivi kuliko chuma cha wembe, waweza kuyamega makali yake, hasa pale unapopinda.

Nilipokuwa nikimweleza kijana haya, moyo wangu ulikwenda mbali. Mwaka 1991 nilikuwa mkuu wa chuo. Kanuni ilisema kila mwanachuo awe bwenini saa nne usiku. Nikailegeza. Wachezaji wa mpira niliwaachia. Mtoto wa rafiki yangu nilimwachia. Haukupita muda, walimu wa zamu nao wakaacha kuandika majina. Kisha usiku mmoja, yapata saa tano, nikamkuta getini kijana wa mwaka wa pili. Hakuwa mchezaji wala mtoto wa rafiki. Alianza kunieleza kwamba alikwenda kumtazama mama yake hospitalini. Sikutaka kusikia. Nilimfukuza chuo, imebaki miezi mitatu afanye mtihani wa mwisho. Paredini nikatangaza kwamba chuo chetu kina msimamo, na wenzangu wakanipongeza.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwamba nilikuwa mkali, na ukali ni wajibu wa mlezi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Leo naona sivyo. Nilikuwa nimelegea. Laiti kanuni ile ingekazwa kwa wote tangu mwanzo, isingehitaji nguvu zangu. Ningemwuliza kijana swali moja, nikasikiliza jibu, nikampa adhabu iliyomstahili au nisimpe kabisa. Lakini kwa kuwa kanuni ilikuwa ikicheza, nilikandamiza.

Najua wako watakaosema kwamba mkono mwepesi huharibu watoto. Nawaomba watenganishe mambo mawili: wepesi wa mkono si ulegevu wa wembe. Mzazi anayesamehe kila kitu na mzazi anayepiga kwa hasira aghalabu ni mtu yule yule, ila umemkuta saa tofauti.

Miaka kadhaa baada ya kustaafu nilikutana na yule kijana, sasa mtu mzima, stendi ya mabasi. Hakuwahi kuwa mwalimu. Akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kwa adabu zote. Nikaitikia marahaba, nikauliza habari za mama yake. Akasema alifariki mwaka ule ule. Basi langu likapiga honi, nikapanda. Neno lililonipasa kulisema sikulisema.

Jumapili iliyofuata mjukuu wangu alinyoa tena, nami nimesimama mlangoni. Alikaza mpini mpaka mwisho, kisha akaulegeza mkono. Hakujikata.

"Babu, wewe ulifundishwa na nani?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba kunyoa nilijifunza kwenye shavu langu mwenyewe. Hayo mengine nilijifunza kwenye shavu la mtu mwingine, na bado sijamlipa.