Haki ya Kila Sauti

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Atandazaye ngozi juu ya mzinga huivuta upande aliosimama yeye, wala hatambui kuwa ameupunja upande wa pili mpaka ngoma ilie vibaya. Methali hii ni ya kale, lakini ina mahali pake hata katika chumba cha kisasa ambamo muziki wa roki hunaswa na kuchanganywa.

Msomaji asiyeijua kazi hii na aelezwe kwa ufupi. Bendi ya roki aghalabu huwa na ngoma, gitaa la besi, gitaa moja au mawili mengine ya umeme, na mwimbaji. Kila sauti hunaswa peke yake. Kisha fundi mitambo huketi mbele ya meza yenye vishikio vingi vinavyoteleza, kimoja kwa kila sauti. Akikisukuma juu, sauti hupaa. Akikivuta chini, hufifia. Wajibu wake ni kuziunganisha sauti hizo ziwe wimbo mmoja. Katika wajibu huo limo swali ambalo wanafalsafa wameliuliza tangu zamani: haki ni nini miongoni mwa wasiolingana?

Jawabu jepesi ni kwamba haki ni usawa. Basi vishikio vyote na viwekwe katika kimo kimoja. Jawabu hili hupendeza linaposemwa, lakini hushindwa linapojaribiwa. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka kiasi cha mara 41 kwa sekunde, na uzi mnene wa gitaa la kawaida mara 82. Konsonanti za mwimbaji, ambazo ndizo zitufanyazo tuyatambue maneno, hutegemea sana mitetemo ya baina ya 2,000 na 4,000 kwa sekunde. Hapo ndipo sikio la mwanadamu lilipo kali, na hapo hapo magitaa ya umeme hupenda kunguruma. Sauti mbili zikikutana mahali pamoja, yenye nguvu huifunika iliyo dhaifu. Hivyo katika usawa wa vimo mwimbaji huimba, lakini asemalo halijulikani.

Jawabu la pili ni kumpandisha kila anayelalamika. Mwimbaji hasikiki, apandishwe. Sasa gitaa limenyong'onyea, nalo lipandishwe. Ngoma imepoteza kishindo. Nayo ipate haki yake. Baada ya kitambo kidogo vishikio vyote viko juu, mitambo imefika mwisho wa uwezo wake, na sauti zote zinakwaruza. Kila mmoja amepewa alichodai, na hakuna aliyepata alichotaka.

Fundi mwenye hekima hutenda kinyume. Kabla ya kumpandisha mwimbaji, hulipunguza gitaa kidogo mahali pale tu maneno yanapopita, akaliacha na nguvu zake kwingineko. Gitaa hilo likisikilizwa peke yake huonekana limekonda. Likisikilizwa pamoja na wenzake, halina upungufu. Kumbe kilichokosekana hakikuwa nguvu ya mwimbaji, bali nafasi. Kwa hiyo nasema kwamba haki si kila mtu kuwa na kimo kimoja, bali kila mtu kuwa na mahali ambapo anaweza kusikika.

Lakini nani agawaye nafasi hizo? Hapa methali yetu inarudi. Mwaka 1986 bendi ya Metallica ya Marekani ilimpoteza mpiga besi wake, Cliff Burton, aliyefariki katika ajali ya basi nchini Sweden. Mahali pake pakachukuliwa na Jason Newsted. Mwaka 1988 ikatoka albamu iliyoitwa ...And Justice for All, maana yake 'Na Haki kwa Wote', maneno yanayohitimisha kiapo cha Wamarekani kwa bendera yao. Viongozi wa bendi walikuwa mpiga ngoma, Lars Ulrich, na mpiga gitaa aliye pia mwimbaji, James Hetfield. Ukiisikiliza albamu hiyo, ngoma na magitaa vimejaa masikioni, lakini besi utaitafuta kwa taabu. Newsted alipiga sehemu yake. Mikono ya wengine ndiyo iliyomnyamazisha. Steve Thompson, mmoja wa mafundi walioichanganya, alieleza miaka mingi baadaye kwamba aliagizwa aishushe besi hata karibu isisikike.

Mtu atauliza: kosa liko wapi? Albamu ilinunuliwa na mamilioni, na wimbo wake mmoja ukapata tuzo ya Grammy mwaka 1990. Hata ilipotolewa upya mwaka 2018, wenyewe hawakuipandisha besi. Swali hili si la kupuuzwa. Lakini kufaulu kwa jambo ni ushahidi kwamba lilifaa, si ushahidi kwamba lilikuwa la haki. Nyumba huweza kusimama ingawa nguzo moja imeondolewa. Hilo halimwondolei lawama aliyeiondoa.

Wala sisemi kwamba kila kushushwa ni dhuluma. Yako mapigo ya gitaa ambayo wimbo hauyahitaji, na mpigaji mwema huyaacha kwa ajili ya wimbo. Tutatofautishaje basi? Mimi naona kipimo ni hiki: je, ningekubali kukivuta chini kishikio changu mwenyewe kwa sababu ile ile ninayoitumia kukivuta cha mwenzangu? Nikikubali, ninautumikia wimbo. Nikikataa, ninaiamba ngoma kwa kuvutia kwangu.

Jambo moja zaidi hufanya kipimo hiki kiwe kigumu. Sikio huzoea. Baada ya saa nyingi mbele ya meza, fundi huacha kuikosa sauti aliyoipoteza. Ndiyo sababu mafundi waangalifu hupumzika, hurudi kesho yake, husikiliza kwa sauti ya chini, tena kwa spika nyingine. Hawana shaka na ujuzi wao. Wana shaka na mazoea yao.

Kijana msomaji, huenda hutaketi kamwe mbele ya meza ile, lakini vishikio vyake unavyo. Katika mjadala darasani yuko mwenye sauti nene anenaye mara tatu, na yuko aketiye nyuma ambaye neno lake hukatizwa kabla halijaisha. Tukimwambia huyu wa nyuma apaze sauti, tumemtwisha kazi iliyokuwa yetu, na mwisho wake ni kelele. Wewe uliyesikika jana, nyamaza leo pale anaponena yeye. Na siku utakapokuwa kiongozi wa chama, au wa kijiji, au wa nyumba yako, ukaona mambo yanakwenda vizuri, rudi kesho yake usikilize tena, sauti ikiwa chini. Jiulize ni nani aliyepiga sehemu yake wala hasikiki, kisha utazame mkono ulioko juu ya kishikio chake.