Kabla Hujatuma Kodi ya Mwaka

Mjukuu wangu, simu yako ya jana usiku niliipokea, na picha ulizotumiwa na dalali nimezitazama. Kijana wa jirani ndiye aliyenishikia simu, maana macho yangu hayawezi tena vitu vidogo. Nimeuona ukuta mweupe, pazia jekundu na ua uliofagiliwa. Unasema umepangiwa kufundisha huku Bulwa, siku za kuripoti zimekaribia, na dalali anataka kodi ya mwaka mzima leo hii, kwa simu, kabla mtu mwingine hajakuwahi. Neno hilo la kuwahiwa nimelisikia kwa wageni wengi mno, na nimechoka kulisikia. Usiitume hela bado. Nipe muda nikueleze, hata kama nitarudia yale niliyomwambia baba yako.

Kwanza ujue unakokuja. Ukimwambia mtu wa mjini kwamba unahamia Usambara, atakuwazia Lushoto, na mapeasi, na vikapu vya mboga vinavyoteremshwa Mombo. Hiyo ni Usambara ya Magharibi. Sisi tuko Mashariki, ng'ambo ya bonde la Lwengera, wilaya ya Muheza. Gari linaondoka Muheza mjini kwenye joto na michungwa, linapita Sigi, linapanda kona kwa kona hadi Amani, ndipo uanze kuona chai. Upepo wa Bahari ya Hindi ukitoka Tanga unakutana na milima yetu kabla ya milima mingine, na maji yote uliyobeba unatumwagia sisi. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na hiyo miezi ya katikati usidhani ni mikavu. Ndiyo maana Wajerumani waliweka kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani mwaka 1902 na kuleta miti ya kila nchi kuijaribu. Na ndiyo maana Mto Zigi haukauki, hadi watu wa Tanga mjini wanakunywa maji yake kutoka bwawa la Mabayani. Maji hayo yanayoiotesha chai ndiyo yanayoiozesha nyumba, na dalali hawezi kukupigia picha ya maji.

Sasa nisikilize kuhusu nyumba yenyewe. Huku hatuna uwanja tambarare. Mtu akitaka kujenga, anachimba mlima, anapata kipande cha kusimamishia nyumba, na nyuma yake linabaki gema la udongo. Mbele ya nyumba ndiko kunakopigwa picha. Wewe ukifika, usianzie sebuleni. Zunguka nyuma. Tazama kama kati ya ukuta na gema pana nafasi ya mtu kupita, na pana mfereji uliochimbwa ukashuka hadi nje ya ua. Kama gema limeegemea ukuta, au mfereji umejaa majani na udongo, basi mvua ikianza maji yatapita ndani ya ukuta huo, polepole, siku nzima na usiku kucha. Kisha ingia chumba cha nyuma, mwombe mwenye nyumba asogeze kabati, uweke kiganja chako ukutani chini karibu na sakafu, usubiri kidogo. Ukuta mkavu unapata joto la mkono wako. Ukuta mbichi unabaki baridi, na ukiuondoa mkono utaona chokaa imekushika. Chokaa mpya kwenye ukuta mmoja tu wa nyumba nzima nayo ina habari yake, iulize.

Nyumba njema si mlango, wazee walisema, na aliyesema hivyo nadhani alipanga nyumba milimani.

Haya siyajui kwa kusikia. Mimi mwenyewe niliwahi kupangisha. Nilikuwa na vyumba viwili vya uani, tofali za kuchoma na bati, na mwezi wa Januari akaja binti mmoja muuguzi, mgeni kama wewe, ana mtoto wa miezi minane mgongoni. Jua lilikuwa linawaka. Nikamtajia shilingi 30,000 kwa mwezi, nikamwambia alipe mwaka. Akalipa, 360,000 taslimu, akazihesabu mara mbili juu ya kitanda changu. Hela ile haikulala kwangu. Mjomba wako alikuwa anadaiwa ada ya chuo, na nilituma yote wiki ile ile. Aprili ikafika. Bati lilikuwa na misumari iliyolegea, nami nililijua hilo tangu vuli. Chumvi ikageuka maji kwenye kopo, kiberiti kikagoma kuwaka, nguo za mtoto zikaota kuvu zikiwa zimekunjwa sandukuni. Mtoto akaanza kukohoa, na kila jioni nilikuwa namsikia kupitia ukutani. Yule binti alinijia mara tatu kwa adabu, shikamoo mzee, bati linavuja. Mara zote tatu nilimwambia asubiri mwezi ujao, kwa sababu sikuwa na hata hela ya msumari. Mwezi wa Juni akafunga mizigo, akahama, na kodi ya miezi saba aliyoniachia sikuweza kumrudishia. Sikumtukana wala kumfukuza. Nilimdhulumu tu, na mpaka leo sijui alikokwenda nikamwombe radhi.

Ndiyo maana nakuambia, kodi ya mwaka inayolipwa Januari mwenye nyumba anaitumia Januari. Sare, michango, mbolea, deni la dukani, vyote vinamsubiri mlangoni. Huenda ni mtu mwema kabisa. Ila ikifika siku ya kuhitaji bati, hana kitu, na wewe huna tena cha kumshikia. Mwombe mlipane miezi mitatu mitatu. Atanung'unika, atakuambia kila mtu analipa mwaka. Mwambie babu yako amesema hivyo, anitafute. Ukiwa unamlipa kila baada ya miezi mitatu, atapanda juu ya paa mwenyewe.

Usitegemee kwamba serikali itakuja kukuamulia bei. Palikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano yenu wawili, na mapatano ya mdomo mvua ikinyesha yanasahaulika. Andikeni. Karatasi ya daftari inatosha: kiasi, miezi, nani anatengeneza kinachoharibika, nani anahama kwa taarifa ya siku ngapi. Mkaandikie kwa mwenyekiti wa kitongoji, aweke sahihi na muhuri, abaki na nakala. Kama nyumba ina umeme, ulizeni pia habari ya LUKU. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo unaponunua umeme, na ni deni la mwenye jengo, siyo lako. Kama kodi hiyo inakatwa kwenye mita unayonunulia wewe, mpatane irudi kwenye kodi ya pango. Ni hela ndogo, lakini nimeona majirani waliacha kusalimiana kwa hela ndogo kuliko hiyo.

Liko jambo zito zaidi, na dalali wa Muheza pengine halijui hata yeye. Ardhi ya huku ina wenyewe wa namna tatu. Iko ya mashamba ya chai, iko ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997, na iko ya kijiji. Mpaka kati yao mara nyingine ni njia ya miguu tu. Nyumba ya kambi ya chai inakwenda na kazi. Mimi nimekaa kambini miaka kumi na tisa, nikazaa humo, nikapanda mparachichi mlangoni, na siku kazi yangu ilipokwisha chumba nacho kilikwisha. Wako watu wanaopewa chumba cha kazi kisha wanakipangisha kwa siri. Ukiingia humo, siku ya kuulizwa utakuwa huna la kujibu, na hela yako hutaiona. Waulize pia waliokuwa na iliki Derema. Walilima ndani ya msitu ule miaka mingi, kisha ukafanywa hifadhi, wakalipwa fidia ya mimea wakatoka. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa mwenyekiti, kabla ya bei na kabla ya choo, ni hili: hapa iliposimama nyumba ni ardhi ya nani? Mwulize tena mama anayeuza maandazi njiani. Majibu yakipishana, ondoka.

Na utakapopata pa kukaa, pita ukajitambulishe. Usijifungie ndani kwa kuwa una mshahara. Huku tuko Wasambaa, Wabondei waliopanda kutoka bondeni, na watoto wa Wabena ambao babu zao waliletwa kuchuma chai. Hakuna hata nyumba moja ambayo haikuwahi kuwa ya mgeni. Hata Mbegha, aliyekuwa mfalme wa Wasambaa, aliingia nchi hii akiwa mwindaji aliyefukuzwa kwao. Hakuja na vyeo. Alikuja na nyama, akawagawia watu, wakamwita wao wenyewe. Wewe huna nyama ya nguruwe mwitu, lakini una kalamu, na huku bado wapo wazee wanaohitaji kusomewa barua. Anza na hao. Siku bati lako litakapong'oka usiku, mwenye nyumba atakuwa Muheza, na wao ndio watakaokuja na kamba.

Nimesema mengi na kifua kinanibana. Hela hiyo iache kwenye simu yako. Ijumaa njoo, panda gari la mchana Muheza, ulete koti la mvua na viatu vya kushika udongo, ulale kwangu. Jumamosi tutaizunguka nyumba hiyo pamoja, tuanzie nyuma. Omba Mungu inyeshe.