Haidhuru

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sikufukuzwa, wala si karo iliyonishinda. Mamangu alikuwa ameilipa kwa mkopo wa chama chao cha akina mama, na nguo za mitumba anazouza sokoni ndizo zilizokuwa zikiurudisha kidogo kidogo. Niliondoka tu kwa kuwa sikuona tena nilichokuwa nikikitafuta mle. Nilipomwambia alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Haidhuru, mwanangu. Umekula?"

Nilikuwa na jibu mfukoni hata kama hakuniuliza, maana nilikuwa nimemsoma John Stuart Mill. Katika On Liberty, kitabu chake cha 1859, anasema jamii isimlazimishe mtu ila kumzuia asiwadhuru wengine. Sasa mimi nimemdhuru nani? Sijaiba, sijapiga mtu. Maisha ni yangu.

Neno la Mill ni harm. Juzi, nikiwa kwenye kibarua cha kutafsiri, nililifuata hadi lilikotoka. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya Wanormani kuvamia mwaka 1066, liliandikwa hearm, na halikuwa jeraha au hasara peke yake. Lilikuwa pia huzuni. Ndugu zake bado wanaishikilia maana hiyo: kule Aisilandi harmur ni majonzi, na Harm ya Kijerumani, ingawa siku hizi iko vitabuni zaidi, ni simanzi ile inayomla mtu ndani kwa ndani. Kiingereza ndicho kilichoiacha huzuni njiani.

Kwa hivyo ukimhuzunisha mtu umemdhuru? Polepole. Neno kubeba maana mbili si ushahidi kwamba mambo hayo mawili ni kitu kimoja. Tena kama kila huzuni ya mzazi ni madhara, hakuna kijana atakayeoa anayempenda wala kuhama kwao. Mill mwenyewe aliliona hilo. Alikubali kwamba anayejiharibia huwaumiza walio karibu naye, ila kwake hilo halitoshi, mpaka mtu awe amevunja wajibu fulani ulio wazi kwa mtu anayejulikana.

Hapo ndipo mfuko wangu unapotoboka. Nilipoondoka, mkopo ule ulikuwa umebakisha miezi saba. Mamangu aliulipa wote, na sikuwahi kumsikia akiutaja.

Dhuru tulilipata kwa Waarabu, na madhara vilevile. Lakini hilo haidhuru lake, ukilisikiliza vizuri, watu hulisema sanasana pale kitu kinapokuwa kimeshadhuru. Sijaona mtu akisema haidhuru akiwa ameokota pesa.

Mwezi huu nililipwa, nikamtumia kiasi. Akapiga simu mbio kuuliza ni za nini.

"Za chama," nikamwambia.

Akacheka. "Wee! Chama si kilivunjika kitambo?"