Mafahali Wawili Katika Zizi Moja

Wazee wetu walituachia neno hili: Mafahali wawili hawakai zizi moja. Walilisema juu ya machifu wawili katika nchi moja, juu ya wanawake wawili katika jiko moja, juu ya mafundi wawili katika kazi moja. Neno hili ni la kweli mara nyingi, na kila mtu amekwisha kuliona kwa macho yake. Lakini leo twataka kuuliza: je, ni la kweli sikuzote? Watu wawili au watatu walio hodari sana, ambao kila mmoja amezoea kuwa wa kwanza, waweza kufanya kazi moja bila kuiharibu? Tena, tukimwomba mmoja wao ajipunguze kwa ajili ya wenzake, je, twamtendea haki, au twamnyang'anya kipawa chake?

Tutalichungua swali hili mahali wanapopapenda vijana wetu: katika mchezo wa mpira wa kikapu, hasa ule unaochezwa kwa mshahara huko Marekani. Watu wazima wasitucheke. Mchezoni mambo ya moyo hayafichiki kwa muda mrefu, maana kuna saa, kuna hesabu, na maelfu ya watu wanatazama.

Watatu walioshindwa

Mwaka 1968 timu ya Los Angeles Lakers ilikuwa na wachezaji wawili wa sifa kubwa, Jerry West na Elgin Baylor. Mwaka huohuo ikamwongeza wa tatu, Wilt Chamberlain, mtu mrefu mwenye nguvu za ajabu, ambaye tarehe 2 Machi 1962 alikuwa amepata pointi 100 peke yake katika mchezo mmoja. Hakuna mwingine aliyepata kufika hapo katika ligi ile kubwa. Basi watu wakasema: Nani atawaweza hao watatu?

Katika fainali ya mwaka 1969 walikutana na Boston Celtics. Timu hiyo ilikuwa imechoka, ikawa ya nne tu katika kundi lake, na kiongozi wake Bill Russell alikuwa mchezaji na mwalimu kwa wakati mmoja. Michezo ikafika saba. Siku ya mwisho, tarehe 5 Mei, huko Los Angeles, mwenye timu alikuwa amekwisha kutundika maputo darini, yaangushwe wakati wa kushangilia. Hayakuangushwa. Boston walishinda kwa pointi 108 kwa 106.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni nyepesi kuifahamu: wachezaji ni watano, mpira ni mmoja. Anayeushika mmoja, wanne hawana. Sababu ya pili: Chamberlain alizoea kusimama karibu na kikapu, na njia ya Baylor ya kwenda kufunga ilipita palepale. Wote wawili walikuwa hodari, lakini walitaka mahali pamoja. Sababu ya tatu: Chamberlain na mwalimu wake hawakupatana mwaka mzima. Katika mchezo ule wa mwisho Chamberlain aliumia goti akatoka. Alipotaka kurudi, mwalimu hakumrudisha, na saa ikaisha.

Lakini tuwe waangalifu. Goti lililoumia si kosa la moyo, na pointi mbili si kitu kikubwa. Mtu asiseme kwamba kila anayeshindwa ana kiburi. Twasema hivi tu: watu wakubwa wakikusanywa, ukubwa wao haujumlishwi kama mtu anavyojumlisha fedha. Mara nyingine hupungua.

Mtu yuleyule, miaka mitatu baadaye

Sasa tutazame msimu wa 1971 na 1972. Chamberlain alikuwa amefika umri wa miaka 35. Mwalimu mpya, Bill Sharman, alimwomba aache kutafuta pointi, azuie, adake mipira inayorudi, kisha awape wenzake upesi. Mtu ambaye katika msimu wa mwaka 1962 alipata wastani wa pointi 50 kwa kila mchezo, sasa akapata chini ya 15. Lakini katika kudaka mipira alikuwa wa kwanza katika ligi nzima. Lakers wakashinda michezo 33 mfululizo, jambo ambalo timu nyingine ya ligi ile haijafanya mpaka leo, na mwaka 1972 wakachukua ubingwa wa kwanza tangu timu ihamie Los Angeles. Jerry West, aliyekuwa ameshindwa katika fainali mara saba, akaupata mwishowe.

Hapa msomaji mwenye akili atatupinga. Atasema: Baylor aliacha kucheza mwanzoni mwa msimu ule, na michezo ile 33 ilianza mara tu alipoondoka. Basi fahali mmoja ametoka zizini. Wazee walisema kweli!

Pingamizi hili ni zuri, nasi hatulikwepi. Ni kweli kwamba Baylor aliondoka, naye alikuwa na magoti mabovu na umri mkubwa. Lakini fahali aliyebaki hakuwa mmoja. Chamberlain alikuwapo, West alikuwapo, tena Gail Goodrich alikuwapo. Na huyu Goodrich na West kila mmoja alipata wastani wa pointi karibu 26. Basi zizi lilikuwa bado na mafahali watatu. Kilichobadilika ni kwamba mmoja wao hakutaka tena majani yaleyale wanayotaka wenzake.

Washindani waliogombana

Kuna pingamizi la pili, lenye nguvu kuliko la kwanza. Timu hiyohiyo ya Los Angeles, miaka mingi baadaye, ilikuwa na Shaquille O'Neal na Kobe Bryant. Wawili hao hawakupendana. Ugomvi wao ulijulikana dunia nzima. Hata hivyo walichukua ubingwa mara tatu mfululizo: 2000, 2001 na 2002. Basi mtu atauliza: upatano wa nini, ikiwa wagombanao nao washinda?

Twajibu: upendo si sharti la kushinda. Watu waweza kushinda pamoja huku wamenuniana, maadamu kila mmoja ana kazi yake na mwalimu ana sauti. Lakini tazameni mwisho wake. Mwaka 2003 waliongezwa wengine wawili wa sifa kubwa, Karl Malone na Gary Payton. Mwaka 2004 wakafika fainali, wakashindwa na Detroit Pistons kwa michezo minne kwa mmoja. Ni kweli kwamba Malone aliumia. Lakini Detroit walicheza kama mkono mmoja, wala hawakuwa na mtu mwenye jina kama majina yale. Mwezi wa Julai mwaka huohuo O'Neal alipelekwa timu nyingine. Ushindi uliwashikamanisha kwa muda, kama kamba ishikamanishavyo mzigo wa kuni: kamba ikikatika, kila ukuni huanguka upande wake.

Mwenye nyumba aliyempisha mgeni

Mwaka 2010 LeBron James na Chris Bosh walikwenda Miami kujiunga na Dwyane Wade. Miami ilikuwa nyumba ya Wade. Yeye ndiye aliyeiongoza kuchukua ubingwa wa mwaka 2006. Mwaka wa kwanza, 2011, walishindwa katika fainali na Dallas, na watu wengi walifurahi. Baada ya hapo Wade alikubali kwamba James ndiye awe mbele. Mwenye nyumba akampisha mgeni katika kiti chake. Wakachukua ubingwa wa 2012 na wa 2013.

Twapenda kukaa kidogo juu ya Bosh, maana watu hawamtaji sana. Katika mwaka wake wa mwisho huko Toronto alipata wastani wa pointi 24. Katika msimu wa 2012 na 2013 zilikuwa zaidi kidogo ya 16. Katika mchezo wa sita wa fainali ya 2013, Miami wako nyuma kwa pointi tatu, sekunde chache tu zimebaki, James akatupa mpira, akakosa. Bosh akaudaka, wala hakujaribu kuwa shujaa. Alimpa Ray Allen pembeni, naye akasawazisha. Miami wakashinda katika dakika za nyongeza. Siku mbili baadaye, katika mchezo wa saba, walipokuwa mabingwa, Bosh hakupata hata pointi moja. Hata moja! Je, alikuwa bingwa au sivyo?

Je, ni haki?

Hapa ndipo swali letu lilipo. Wengine husema: kipawa ni mali ya mtu, kumwambia akifiche ni kumdhulumu. Nasi twakubali kwamba kuna kujipunguza kubaya. Mtu anayenyamaza kwa hofu, au kwa sababu mkubwa anamkandamiza, huyo hakujitoa, amenyang'anywa. Na kiongozi anayemtumia mtu hodari kama kigoda cha mwingine, bila kumshauri wala kumshukuru, anatenda vibaya hata kama timu inashinda.

Lakini Chamberlain hakuficha kipawa. Alikigeuza upande mwingine. Nguvu zilezile zilizotafuta pointi zilizuia na kudaka. Ndugu yetu Dikembe Mutombo, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966 na kufariki mwaka 2024, alijenga jina lake lote juu ya kazi hiyo ya kuzuia. Mara nne alichaguliwa kuwa mzuiaji bora wa ligi. Mwaka 2001 alipojiunga na Allen Iverson huko Philadelphia, mmoja akiwa mfungaji mkuu na mwingine mlinzi mkuu, walifika mpaka fainali. Hawakugombana juu ya mpira, maana hawakuutaka kwa kazi moja.

Kwa hiyo twaona mambo matatu. Kwanza, watu wakubwa wapatana kama kazi imegawanyika. Wakitaka mahali pamoja, hapana dawa ila mmoja ahame. Pili, anayejipunguza sharti atake mwenyewe, kwa kuwa anakipenda kitu kilicho kikubwa kuliko jina lake. Tatu, na hili latuhusu sisi watazamaji, heshima igawanywe kwa haki. Sisi twapiga makofi kwa anayefunga tu. Twahesabu pointi, hatuhesabu pasi wala jasho la mlinzi. Kisha twashangaa kwamba kila mtu ataka kufunga! Mafahali hupigana zaidi pale majani mazuri yanapowekwa mahali pamoja tu.

Mambo haya hayakomei uwanjani. Katika kwaya yetu kuna sauti mbili nzuri zinazotaka wimbo mmoja. Katika chama kuna watu wawili wenye akili wanaotaka kiti kimoja. Nyumbani kuna ndugu wawili wenye bidii ambao mmoja tu husifiwa na baba. Tukiwaambia tu, Pataneni, tumewapa neno tupu. Tuwape kazi mbili, na heshima mbili.

Basi wazee hawakukosea. Mafahali wawili hawakai zizi moja, ikiwa kila mmoja ataka zizi liwe lake. Wakikubali kwamba zizi ni la kundi zima, hukaa. Ila ni shida, ndugu wasomaji, tena ni shida kubwa kwa yule aliye na nguvu zaidi. Na kwa sababu hiyo, akikubali, tusiache kumshukuru.