Jambo Moja, Kura Sita

Ndugu zangu, uchaguzi mkuu wa Kenya wa Agosti 2027 bado haujafika, lakini barazani tumeshaanza kuulizana: "Huyu yuko upande gani kwenye jambo letu?" Jambo lenyewe hutofautiana. Kwa mmoja ni dini, kwa mwingine ni ardhi ya babu zake, kwa wa tatu ni heshima ya kabila lake. Mgombea akijibu tunavyopenda, basi, kesi imekwisha. Hatuulizi tena habari ya uaminifu wake, wala ya fedha za umma alizowahi kukabidhiwa. Tabia hii inafaa tuizungumze bila kuoneana haya, maana huvaa kanzu ya uadilifu, na si kila mvaa kanzu ni imamu.

Nianze kwa kuitendea haki. Kumpima mtu kwa jambo moja si dhambi. Yapo maovu ambayo mema kumi hayawezi kuyafunika. Anayesimama jukwaani akataka jirani yako afukuzwe kwake kwa sababu ya jina la ukoo wake, huna haja ya kumuuliza atachimba visima vingapi. Dhamiri ikikataa, imekataa, na anayeisikiliza hastahili kuchekwa na wale wanaojiona wajuzi wa siasa. Ninalotaka tulipime ni nia. Je, jambo hilo ni letu kweli, tumelifikiri na kulibeba wenyewe, au tumetwishwa na mtu mwenye safari yake?

Tuikumbuke kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Katiba tuliyopewa tuiamue ilikuwa na vifungu 264. Ilileta kaunti 47, ikagusa ardhi, haki za raia, mahakama na maadili ya viongozi. Lakini katika mimbari nyingi nchini ilijadiliwa kana kwamba ina vifungu viwili tu: cha 26, kinachozungumzia uhai na utoaji mimba, na cha 170, kinachozitaja mahakama za kadhi. Ndugu zetu Wakristo wengi walisema Hapana kwa ajili ya hivyo viwili, na wengi wao walisema kwa imani safi. Mtu anayeamini kwamba uhai huanza mimba inapotungwa hawezi kuambiwa alifumbie macho hilo kwa sababu ugatuzi ni mtamu. Na anayeuliza kwa nini dini moja itajwe na mahakama zake katika sheria mama ya nchi isiyo na dini ya taifa, ameuliza swali la haki, hata kama sisi wa Pwani tunalo jibu.

Na jibu tunalo. Makadhi walikuwako huku kabla ya Mwingereza. Alipoutwaa mwambao mwaka 1895 kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar, aliwaacha waendelee, na katiba ya uhuru ya 1963 ikawatambua. Kazi yao ni ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, tena pale tu ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda mbele yao. Miaka mingi baada ya uhuru kadhi aliketi Mombasa na Lamu akigawa mirathi, na sijasikia mgombea wa bara aliyepata wala kukosa kura kwa ajili yake. Iweje basi mtu huyo mpole na vitabu vyake awe tishio la taifa wakati wa kampeni?

Mpasua kuni hashindani na gogo mahali lilipo gumu. Hutafuta ufa, akaweka kabari hapo, akapiga. Wanasiasa wa kambi ya Hapana, akiwemo William Ruto aliyeiongoza, walikuwa na ugomvi wao na sura ya ardhi. Ugomvi huo una haki ya kusikilizwa, lakini ni mrefu, una hesabu za ekari na hati, nao hausisimui umati wa watu. Kadhi na mimba husisimua kwa neno moja tu. Hoja ya kugawa watu ndivyo ilivyo siku zote: jibu lake ni ndiyo au la, inagusa imani au damu, haimgharimu kitu anayeitoa, na anayesitasita huonekana msaliti. Ukishaona mambo hayo manne yamekutana, tia shaka, hata kama msemaji yuko upande wako.

Upande wetu nao haukuwa safi zaidi. Wangapi kati yetu tuliosema Ndiyo tuliifungua Sura ya Sita, ile ya uongozi na uadilifu? Tulisikia "kadhi amebaki", tukasema alhamdulillahi, tukaenda kupanga foleni. Ndiyo ikashinda kwa kura zaidi ya milioni 6 dhidi ya zisizofika milioni 3. Ilipofika zamu ya kuwapima wagombea kwa sura ileile tuliyoipitisha, tukasema huyu ni wetu, msimguse. Tuliikubali katiba nzima kwa ajili ya kifungu kimoja, kisha tukaitii katika kifungu kimoja tu. Hilo ni la kuonea haya.

Tazameni pia jinsi jambo la siku moja linavyozaa utii wa miaka. Katika kura ya maoni ya tarehe 21 Novemba 2005 tulipewa matunda mawili: ndizi kwa anayekubali rasimu, chungwa kwa anayekataa. Ilikuwa alama ya karatasi tu, ya kumsaidia asiyejua kusoma. Chungwa likashinda, na halikurudi kapuni, likawa chama. Raila Odinga, Uhuru Kenyatta, William Ruto na Kalonzo Musyoka walisimama wote chini yake. Miaka miwili baadaye Uhuru alikuwa akimuunga mkono Mwai Kibaki, aliyekuwa upande wa ndizi. Mwaka 2010 Raila, Kibaki na Uhuru walikuwa Ndiyo, Ruto akawa Hapana. Mwaka 2013 Uhuru na Ruto waliungana kumshinda Raila, na Ruto, kiongozi wa Hapana, akashika kitabu kitakatifu akaapa kuilinda katiba ileile. Mwaka 2022 akaapa tena, mara hii akiwa rais.

Simlaumu mtu kwa kubadili msimamo. Mwenye akili hubadili. Ninachouliza ni kwa nini wao huhama na sisi hubaki. Wao wameshakula meza moja mara ngapi, na huku mitaani kuna watu waliokosana tangu enzi za ndizi na chungwa na hawajatembeleana msibani. Hoja ilikufa zamani. Kilichobaki ni kambi, na kambi tunaitetea kwa jina la hoja. Baada ya uchaguzi wa 2007 utii wa namna hiyo ulitukuta na silaha mikononi, na Wakenya zaidi ya 1,000 wakauawa.

Kuna jambo jingine, dogo kwa kuonekana, nalo ndilo linalotuumiza kila siku. Siku ya uchaguzi mkuu tunapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Mtu mwenye jambo moja huzipiga zote sita kwa jambo hilohilo. Lakini makadhi huajiriwa na Tume ya Huduma za Mahakama. Mwakilishi wa wadi hana kauli hapo. Sheria ya utoaji mimba haiandikwi na gavana. Kazi ya kaunti ni zahanati, shule za chekechea, masoko, maji na barabara za mitaani. Tunamchagua mtu kwa kuitetea dini yetu katika mambo asiyo na mamlaka nayo, kisha zahanati inakosa dawa, na hilo tuliloliweka mikononi mwake hatukumuuliza hata siku moja. Sijui tutajibu nini tukiulizwa tulikuwa tunamtetea nani.

Ardhi ya Pwani nayo imo humu. Huo ni uchungu wa kweli, wenye mizizi katika sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, iliyowafanya wengi wa ndugu zetu Wamijikenda kuitwa maskwota kwenye shamba walilozaliwa. Anayepiga kura kwa ajili hiyo hana kosa. Lakini kila kampeni ahadi hiyo husomwa upya, na msomaji hushangiliwa upya. Ingekuwa kweli tunapiga kura kwa ajili ya ardhi, tungemnyima kura aliyeahidi asitimize. Mwenye jambo moja wa kweli ni mkali: jambo lake likisalitiwa, anaondoka. Sisi hatuondoki. Tunabaki na aliyelisaliti, tunamtafutia udhuru, tunamchukia anayetukumbusha. Na yeye anajua. Ana faida gani ya kulimaliza jambo linalomletea kura bila jasho kila miaka mitano?

Basi wagombea watakapokuja kwenye baraza zetu, msiwaulize kwanza wako upande gani. Yule tuliyemchagua 2022 kwa ajili ya jambo letu tumkaribishe, tumpe kahawa, kisha tumuulize mbele ya wazee: limefika wapi? Akianza kwa kuwataja maadui zetu kabla hajatujibu, tumuulize mara ya pili.